Waulizeni Kabla Hawajanyamaza

Somo: Yoshua 4:1–9

 

Israeli walipovuka Yordani, Mungu hakuwaacha waende zao hivi hivi. Aliagiza watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, wabebe mawe begani kutoka katikati ya mto. Kwa nini? Kwa sababu siku moja mtoto angeyaona mawe yale, angeuliza. Na akiuliza, sharti awepo wa kumjibu.

Ndugu zangu wa Matema, mwambao wa Ziwa Nyasa, mawe yenu yako wapi?

Mimi nayaona kila Jumamosi yakishushwa mitumbwini pale gulioni Lyulilo! Ni vyungu vya mama zetu wa Kikisi kutoka Ikombe, kule ambako Milima ya Livingstone inaingia majini na kuwabakizia watu kipande chembamba cha kulima. Penye uhaba wa shamba, Mungu aliwapa mikono ya ufinyanzi. Mama akafinyanga, akachoma, akapakia mtumbwini, akarudi na chakula cha Wanyakyusa wa bondeni. Chungu kiliwafanya majirani watu wa lugha mbili. Nasi leo twakigonga kwa kidole kusikia kama kina ufa, twapunguziwa bei, twaondoka. Nani amemwuliza yule mama alifundishwa na nani?

Ziwa hilo hilo lilileta Injili. Mwaka 1891 Alexander Merensky na wenzake wa Misheni ya Berlin walifika Unyakyusa kwa njia ya Ziwa Nyasa, na leo Matema ina hospitali ya Kilutheri. Majina ya wageni tunayataja, na ni vema. Lakini nani aliwapokea? Nani aliwapikia, akawaonyesha njia, akawafundisha lugha ya kuhubiria? Hao nao ni mababu wa imani yetu, na tumewaacha bila majina!

Nanyi wa Iringa, msijivune. Mna mtaa wenu wa Gangilonga, jina ambalo kwa Kihehe ni jiwe lisemalo. Mnalitaja kila siku kwa dereva wa bodaboda. Je, mmewahi kumpandisha mtoto hadi kwenye jiwe lenyewe? Jifunzeni kwa Kalenga, makao ya Chifu Mkwawa wa Wahehe. Mkwawa alikufa mwaka 1898, kichwa chake kikachukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza fuvu lirudishwe, nalo likarudi mwaka 1954. Miaka 56! Anayekumbuka ana la kudai. Aliyesahau, hata akinyang'anywa hajui kama ameibiwa.

Ndugu, nami natubu mbele yenu. Babu yangu alilijua ziwa hili kwa kasia. Alijua upepo upi unarudisha watu nyumbani na upi hauwarudishi. Nilikaa naye jioni nyingi, nikasema nitamwuliza likizo ijayo. Likizo ilifika, nikakuta turubai uani na watu wameketi kimya. Tangu siku ile nina maswali, sina wa kumwuliza.

Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuahirisha! Basi Jumapili hii, ukitoka ibadani, usipite moja kwa moja kwenda kula. Chukua daftari. Keti kwa mzee wa jirani, mpe salamu yake kamili, umwulize: nani alifyeka hapa kwanza? Mwembe ule nani aliupanda? Mtaa huu uliitwaje kabla ya jina hili? Andika kwa lugha yake, kisha umsomee mwanao kwa sauti.

Mungu hakumwachia mwandishi wa kifalme kazi ile. Aliwatwika watu wa kawaida, jiwe moja kwa kila bega. Lako bado liko mtoni, na maji yanarudi. Inama ulibebe leo!

Amina.