Je, Kuchelewesha Malipo ya Mtu ni Dhambi?

Tunaandika kutoka hapa Kamwokya, Kampala.

Ninyi mlio kambini mnajua kwamba mkimbizi anayechagua kukaa Kampala hujitegemea. Kwa kawaida hapati mgao wa chakula wala kiwanja cha kulima. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, nasi tunafanya: tunashona, tunasuka nywele, tunatembeza vitenge, tunatafsiri. Hatuna bosi, tuna wateja. Na wateja wengi wana neno moja: "Kesho."

Tunajiuliza: mtu asiyekana deni, ila anachelewa kulipa, je, ametenda dhambi?

Tumtazame fundi cherehani. Ameagizwa sare za wanafunzi. Kitambaa, uzi na vifungo amenunua kwa fedha yake. Anapeleka kazi, anaambiwa angoje mwezi. Lakini mwenye nyumba hangoji, na mtoto amerudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya karo. Basi fundi anakopa kwa riba. Mwenye deni ni mteja, lakini anayelipa riba ni fundi! Hata akipewa shilingi zote baadaye, sehemu yake imekwisha kuliwa. Ndiyo maana Torati haikuagiza tu kwamba kibarua alipwe, bali iliweka na wakati: kabla ya jua kutua (Kumbukumbu la Torati 24:14-15). Tena inamtaja na mgeni akaaye nchini. Ndio sisi.

Wengine hutuambia: "Wewe ni mkristo, samehe." Tunajibu kwa upole: msamaha hutolewa na anayedai, anayedaiwa hawezi kujitwalia. Kudai kwa adabu si kukosa imani. Tuombe malipo ya kwanza kabla ya kuanza kazi, tuandike bei na siku ya kulipa, wote wawili watie sahihi. Ikishindikana, kanuni za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa madai madogo mahakamani, kwa deni lisilozidi shilingi milioni 10, pasipo kuhitaji wakili.

Lakini tusinyooshe kidole kwa watu wa nje tu. Mwaka jana kwaya yetu ilivaa sare mpya siku ya Pasaka. Tuliimba, tukafurahi. Mama aliyezishona alikuwa ameketi katikati yetu, hajalipwa. Tulimlipa mwezi wa nane. Hakunung'unika, nasi tukauita ukimya wake upendo. Kumbe aliogopa kutudai sisi wachungaji. Tumemwomba radhi mbele ya kanisa lote.

Ndugu, kama jasho la mtu limelala mfukoni mwako usiku huu, usingoje Jumapili ili uombe toba. Mpelekee kwanza. Wazee walisema, dawa ya deni ni kulipa.

Amani ya Bwana iwe nanyi.