Bi Hawa alishinda, akatoka mikono mitupu

Muulize mwanasheria yeyote wa Tanzania kuhusu mgawanyo wa mali za ndoa, hatafika mbali kabla ya kumtaja Bi Hawa Mohamed. Kesi yake dhidi ya aliyekuwa mumewe, Ally Sefu, iliamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, na mpaka leo inafundishwa vyuoni na kutajwa mahakamani. Bi Hawa husifiwa kuwa ndiye aliyewatetea akina mama wa nyumbani, na sifa hiyo ni haki yake. Ila kesi ile ina upande wa pili ambao watu huupita haraka, na upande huo ndio ulionifanya nishike kalamu, maana hapo ndipo mimi na wewe tunapoweza kujikwaa.

Ndoa yao ilivunjwa mwaka 1980. Mume ndiye aliyekuwa na kipato. Bi Hawa alikuwa nyumbani, akipika, akifua na kutunza nyumba. Alipodai sehemu yake katika mali, Mahakama ya Mwanzo ilimjibu kwamba yeye alikuwa mke tu, na nyumba ni ya aliyeinunua kwa fedha zake. Mahakama Kuu nayo haikumpa kitu. Hakukata tamaa, akaenda Rufani.

Huko Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakakitazama Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu hicho kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja katika kupata mali, uwe wa fedha, mali au kazi. Je, kupika na kutunza nyumba ni kazi ya aina hiyo? Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika kwa muda mrefu. Mahakama ya Rufani ikasema ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango.

Wengi huishia hapo, wakashangilia. Lakini ukiendelea kusoma utakuta kwamba Bi Hawa alikuwa amekabidhiwa fedha na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia, na mahakama iliridhika kwamba alizitapanya. Kwa hiyo ikaona kwamba sehemu aliyostahili alikwisha kuipata. Rufaa yake ikakataliwa. Akina mama waliokuja nyuma yake walivuna, yeye hakuondoka na kitu.

Simhukumu. Nani kati yetu anaweza kutoa hesabu ya kila shilingi iliyopita mikononi mwake tangu afunge ndoa? Katika nyumba zetu, kumuuliza mwenzako fedha zimekwendaje ni kama kumwita mwizi. Basi tunanyamaza. Fedha za mradi zinaingia, zinachanganyika na za sukari, za msiba na za ada, na hakuna anayeandika. Dalili ya kwanza kwamba tunaelekea kujikwaa ni ukimya huo. Unapoona mwaka mzima umepita na hamjakaa hata mara moja kuzungumza kilichoingia na kilichotoka, usijifariji kwamba ni upendo.

Dalili ya pili inakuja kwa sura ya ushirikiano, ndiyo maana ni ngumu kuiona. Mume anasema: mama nanihii, wewe shika chakula na ada, mimi nijenge. Mke anakubali, tena kwa moyo mweupe. Mshahara wake au faida ya genge inaishia sokoni na shuleni kila mwezi. Fedha za mume zinakuwa tofali, nondo na bati. Ndoa ikifika mwisho, tofali bado zimesimama na zina risiti, chakula kimekwisha kuliwa. Mahakama inaweza kukitambua kile chakula kuwa mchango, lakini atakayedai ndiye atakayetakiwa kuuonyesha, na ni wachache wanaotunza risiti za mchele. Hata mwanamume anaweza kuangukia hapo, hasa yule anayemtumia mkewe fedha za ujenzi kutoka mbali, kisha akakuta kiwanja kimeandikwa jina la shemeji.

Jina lina uzito wake. Sheria ya Ndoa, Kifungu cha 60, inasema mali iliyopatikana ndoa ikiwa hai kwa jina la mmoja itachukuliwa kuwa ni yake, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, inachukuliwa kuwa wana haki sawa. Wapo wanawake wanaokwenda ofisi ya serikali ya mtaa siku ya kununua kiwanja, wakaweka sahihi kwenye mkataba wa mauziano kama mashahidi wa mnunuzi. Shahidi wa kiwanja chako mwenyewe! Siku hiyo ndiyo ya kusema, kwa upole: niandike na mimi.

Kisha kuna madeni, ambayo watu huyasahau kabisa wanapogombea kabati na pikipiki. Kifungu kilekile cha 114 kinaitaka mahakama izingatie madeni ambayo mmoja wao aliyachukua kwa faida yao wote wawili. Mkopo wa VICOBA, yaani wa kikundi cha kuweka na kukopa, uliolipa ada ya mtoto unaingia humo, hata kama umeandikwa jina la mama peke yake. Mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, uliochukuliwa kwa siri, ukaliwa kwa siri, ni vigumu kuutetea. Angalia dalili zake: simu inayopokelewa nje, marejesho ya kila wiki yasiyo na maelezo, televisheni inayotoweka ikidaiwa ipo kwa fundi.

Nyumba ya familia ina ulinzi wa ziada. Kifungu cha 59 kinamkataza mwanandoa kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na kinampa huyo mwenzake nafasi ya kulinda maslahi yake kwa kuweka zuio. Ndiyo sababu mkopeshaji makini huuliza kama mwombaji ana mke au mume. Lakini ulinzi huo tunaubomoa wenyewe. Mume anarudi na fomu ya ridhaa jioni, amechoka, anasema weka sahihi hapa kesho asubuhi niwahi benki, na sisi tunaweka ili pasiwe na maneno. Ndugu yangu, fomu ile isome mpaka mwisho. Uliza ni kiasi gani, kinalipwa kwa muda gani, fedha zinakwenda kwenye nini, na nyumba iliyotajwa ni ipi. Ukijibiwa kwa hasira, acha kalamu mezani mpaka ujibiwe kwa hesabu.