Ukitaka Kuwasoma Simba, Anzia Zizini

Wajukuu zangu wa Utemini,

Mmoja wenu amesema anataka kusomea wanyama wala nyama: simba, chui, fisi, mbwa mwitu. Wenzake wakamcheka kwamba hakuna ajira huko. Nimemsikia, na namuunga mkono.

Mkoa wetu unalijua vizuri suala la simba na watu. Miaka ya 1940 watu waliuawa huku Singida, miili ikaachwa imeraruliwa kama vile simba ndiye aliyepita. Wapo binadamu walioshtakiwa na kuhukumiwa kwa mauaji yale. Tangu hapo kila ninaposikia "ni simba", huuliza kwanza: nani ameona nyayo? Mjukuu wangu, kazi unayoitaka ndiyo hiyo. Kutafuta ushahidi pale ambapo wengine wana hofu tu.

Mwaka 2005 Watanzania wawili, Dennis Ikanda na Bernard Kissui, wakiwa na watafiti wenzao Craig Packer na Hadas Kushnir, walichapisha utafiti katika jarida la Nature. Tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563. Hawakuishia kuhesabu waliokufa. Waliuliza ni wapi, msimu gani, marehemu alikuwa akifanya nini. Wakakuta mashambulizi yanazidi wakati wa mavuno, Machi hadi Mei, na pale penye nguruwe pori wengi. Nguruwe hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na mkulima amelala kibandani shambani akilinda chakula cha wanawe. Kumbe ukitaka kumwokoa mkulima, shughulika na nguruwe! Ikanda na wenzake wakaonyesha tena mwaka 2011 kwamba hatari huzidi siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo za usiku, kabla mwezi haujachomoza. Jambo kama hilo mama anaweza kulitumia jioni hiyohiyo, asimtume mtoto kisimani.

Yote hayo yalipatikana kwa takwimu, kwa hiyo usiikimbie hesabu. Wengi wanaopenda wanyama hukwama hapo. Shika pia biolojia na kemia. Ukipenda uaskari wa wanyamapori, kuna chuo cha Pasiansi, Mwanza. Chuo cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, wanafundisha uhifadhi tangu 1963. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, wanatoa shahada. Watafiti wa serikali wako Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI), Arusha. Fedha si nyingi, na mikataba ya miradi mara nyingi ni mifupi. Jiandae kwa hilo mapema, uzungumze na wazazi.

Lakini kuna kitu unacho tayari ambacho chuo hakikupi: umechunga. Unajua ng'ombe aliyelala nje ya zizi ndiye hupotea, na kwamba zizi la miiba hulegea lisiporekebishwa. Siku ukiitwa kwa mfugaji ambaye ng'ombe wake ameliwa, usitangulize fomu. Mpe pole, keti, msikilize mpaka amalize hasira, kwa sababu ng'ombe yule pengine alikuwa ada ya shule. Kisha muombe mzunguke uzio pamoja. Mfugaji aliyesikilizwa atakupigia simu kabla hajatega sumu. Na sumu ikishategwa, hufa simba, fisi na tai kwa pamoja.

Mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi yako Manyoni, mkoa wetu huuhuu. Likizo ijayo nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, ujitambulishe, uombe kujitolea. Akikataa, rudi kwangu twende wote.