Mbwa Hakuomba Viza

Tuseme umepata kazi Ujerumani. Si jambo la ajabu siku hizi. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamiaji na ajira Septemba 2024, ni kama kila mtu ana rafiki anayesoma Kijerumani jioni baada ya kazi. Viza imetoka, mama amelia kidogo, marafiki wameanza kukuita mtu wa majuu. Halafu kuna Tomi, mbwa wako wa miaka sita, ambaye hajui lolote kuhusu mambo haya. Je, una deni gani kwake?

Wengine watasema hilo si swali. Ni mbwa tu. Lakini subiri tuangalie sheria kwanza, maana ndizo zinazokulazimisha ujibu mapema.

Kwa Umoja wa Ulaya, Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo kichaa cha mbwa kinahesabiwa kuwa kimedhibitiwa. Kwa hivyo Tomi lazima kwanza awekwe chipu chini ya ngozi, ndipo achanjwe. Chanjo ikitangulia chipu, haihesabiwi; unaanza upya. Zinapita siku 30, anatolewa damu, na damu hiyo inapimwa kwenye maabara inayotambuliwa na Ulaya kuona kama kinga imefika angalau uniti 0.5 kwa kila mililita. Hata akipita, hasafiri bado. Unahesabu miezi mitatu kuanzia siku aliyotolewa damu. Mwishoni unatafuta cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, na kutoka siku kinapotiwa saini una siku 10 za kumfikisha mpakani.

Piga hesabu: ni zaidi ya miezi minne. Mwajiri wako amekupa wiki sita.

Hapo ndipo pesa inaingia, na anko wako naye anaingia na pesa hiyo. "Yaani mtoto wa dadako amerudishwa nyumbani kwa karo, na wewe unamkatia mbwa tiketi ya ndege?" Hoja yake ina uzito, na mtu asiikimbie kwa kusema anko ni mshamba. Lakini angalia ni wakati gani hoja hiyo hutolewa. Haikutolewa uliponunua simu mpya. Haikutolewa siku ile ulipowanunulia watu vinywaji mpaka saa nane usiku. Karo ya mtoto hukumbukwa mbwa anapotajwa. Kama kweli tunapima kila shilingi kwa shida ya jamaa, basi tuzipime zote, na Tomi asiwe wa kwanza kukatwa kwenye bajeti kwa sababu hawezi kujitetea.

Tena deni la Tomi ni la aina yake. Mtoto wa dadako ana mama, ana shangazi, ana shule, ana kanisa linaloweza kuchanga. Tomi ana wewe. Na ni wewe uliyefanya awe hivyo: ulimtoa kwa wenzake akiwa mdogo, ukamfundisha kula mkononi mwako, ukamfungia geti. Hukumsaini mkataba, sawa. Lakini ukimfanya kiumbe akutegemee kwa kila kitu, kuna jukumu linalokuja na hilo, hata kama hakuna karatasi.

Je, jukumu hilo linasema lazima umbebe? Hapa naachana na wapenzi wengi wa wanyama. Kumbeba kunaweza kuwa kwa faida yako wewe. Mbwa aliyezoea ua na jua la Kitengela atapanda ndege kama mzigo, kwenye kizimba kinachomtosha kusimama, kugeuka na kulala, kisha akaishi chumba kimoja ghorofa ya nne huku wewe ukiwa kazini mchana kutwa. Ukimwacha kwa jirani anayemjua tangu utoto, ukatuma hela ya chakula na chanjo kila mwezi, hujamsaliti. Kumsaliti ni ile tabia tunayoijua sote: watu wanahama usiku, lori linaondoka, na asubuhi mbwa yuko nje ya geti akingoja. Au ile nyingine, ya kumpa askari wa geti bila kumwuliza kama anataka wala kama ana cha kumlisha.

Kwa hivyo kipimo changu si kama umesafiri naye. Ni kama ulikaa chini ukafikiria maisha yake, si upweke wako peke yake, na kama uliyafikiria mapema. Ukiamua kumbeba, unaanza na chipu kabla ya kuanza kuuza viti. Unamleta kizimba nyumbani wiki nyingi kabla, alale humo mlango ukiwa wazi, ili siku ya safari kiwe ni kitanda chake.

Sasa tuje kwa hasira. Ni rahisi kuona sheria hizi kama dharau nyingine: mpaka mbwa wetu hawaaminiki! Lakini hazibagui umaarufu. Mwaka 2015 Johnny Depp na Amber Heard waliingiza mbwa wawili Australia kwa ndege ya kibinafsi bila kuwatangaza, na waziri wa kilimo akatangaza hadharani kwamba mbwa hao waondoke au wauawe. Waliondoka.

Kinachonisumbua zaidi kiko hapa nyumbani. Kichaa cha mbwa, dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Karibu visa vyote, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa, na wanaoumwa sana ni watoto. Inajulikana pia kwamba ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo fulani, ugonjwa unakosa njia ya kusambaa. Kenya yenyewe ina mpango wa kuumaliza ifikapo 2030. Sasa jiulize: Tomi ana miaka sita. Kama chanjo yake ya kwanza ni hii inayodaiwa na Ulaya, basi kwa miaka sita watoto wa ploti yenu wamecheza naye bila kinga, na hakuna aliyeona shida. Mtoto wa Berlin ambaye hujawahi kumwona amelindwa kwa chipu, sindano, maabara na miezi mitatu ya kungoja. Mtoto wa mlango wa pili alilindwa na bahati.

Si Wazungu waliotufanyia hivyo. Mchanje mbwa wako mwaka huu, hata kama huendi popote.