Kabla Ulimwengu Haujamfunza

Watu wazima tunakerwa upesi na Kiswahili kibovu. Kijana akiandika "mahari" akikusudia mahali, au "kwa ajiri ya" badala ya "kwa ajili ya", ujumbe wake unazungushwa kwenye kundi la ukoo na watu wanaangua kicheko. Kero hiyo naielewa, na mimi ninayo. Lakini wengi wetu tunaokereka ni wazazi, na kosa tunalomcheka nalo mtu mzima lilianzia kwenye daftari ambalo nyumbani hakuna aliyelifunua.

Chukua kosa moja tu. Mtoto wa darasa la tatu anaandika "ni na kwenda shule". Anayemwita mzembe hamtendei haki. Ameshafundishwa kwamba "Mimi ni mwanafunzi" ni maneno matatu, kisha anaisikia "ni" hiyohiyo mwanzoni mwa "ninakwenda". Ameitenga kwa sababu anafikiri. Kumtoa hapo hakuhitaji ualimu wa sarufi. Mwambie abadilishe mtu: mimi ninakwenda, wewe unakwenda, yeye anakwenda. "Ni" imeondoka, ikaja "u", ikaja "a"; basi hiyo ni sehemu ya kitenzi na haiachwi peke yake. Halafu: mimi ni mwanafunzi, wewe ni mwanafunzi, yeye ni mwanafunzi. Hii haikugeuka, inajitegemea. Mtoto akiligundua hilo kwa kinywa chake mwenyewe, halimtoki tena.

R na L ni jambo jingine, na hapa naomba upole. Zipo lugha zetu za asili zisizotenganisha sauti hizo mbili, na mtoto aliyelelewa na bibi hutamka kama bibi. Lafudhi hiyo si aibu ya mtu yeyote. Maandishi ndiyo yanayofundishika: kula chakula, kupiga kura. Mpe kitabu asome kwa sauti, jicho litashika kile ambacho sikio halijakizoea. Kumkemea mbele ya wageni kwa sababu amesema "kura ugari" hakumfundishi herufi, kunamfundisha kunyamaza.

Tusimtupie mwalimu mzigo wote. Tanzania, Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule nyingi za msingi za serikali. Sekondari masomo karibu yote hugeukia Kiingereza, na Kiswahili kinabaki somo moja. Miaka ya kuinyoosha kalamu ya mtoto ni michache, na mwalimu mwenye darasa lililofurika huweka tiki au kosa akapita. Hana nafasi ya kukaa na mwanao mmoja juu ya neno moja.

Halafu tujitazame. Mzazi anamwandikia mwanawe "xaxa mwanangu, umexhakula?", kisha anashangaa mtoto kuiandika "x" hiyo kwenye insha. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na katika jambo hili ulimwengu hufunza kwa kucheka, au kwa kuiweka kando barua ya kuomba kazi bila kumweleza aliyeiandika kwa nini.

Mzazi mwenzangu, jioni ya leo omba daftari la Kiswahili. Chagua kosa moja, si kumi. Mkae nalo wawili, msahihishe pamoja, na ujumbe utakaomtumia kesho uandike maneno yake kamili.