Mbegu za Kaure na Swali la Nafsi

Mwaka 2010 msanii wa Kichina, Ai Weiwei, alitandaza katika jumba la Tate Modern, London, mbegu za alizeti zipatazo milioni 100. Zote zilikuwa za kaure, zikapakwa rangi kwa mkono, moja moja. Kazi hiyo ilifanywa na mafundi wapatao 1,600 wa Jingdezhen, mji uliowafinyangia wafalme wa China vyombo vyao.

Ni desturi kuisoma kazi hii kama utetezi wa nafsi ya mtu binafsi. Katika mabango ya enzi ya Mao, kiongozi alikuwa jua na raia alizeti zinazomgeukia. Msanii, basi, anatuonyesha kwamba hakuna mbegu mbili zinazolingana. Usomaji huo una mashiko, lakini unaturidhisha upesi mno. Tofauti baina ya mbegu na mbegu ni alama ya mkono. Mkono wa nani? Kwa kila fundi kulikuwa na mbegu zaidi ya 60,000, ilhali jina linalotajwa ni moja. Filamu iliyoandamana na maonyesho inawaonyesha mafundi kazini, na kwa hilo msanii anastahili shukrani. Hata hivyo, kuonekana si kutajwa.

Hapa mhakiki wa fasihi simulizi hana budi kusita. Sisi nasi tumechapisha ngano kwa jina la mkusanyaji, na bibi aliyezisimulia tukamwita “jamii”.

Siku chache baada ya ufunguzi, watazamaji walikatazwa kuzikanyaga mbegu, kwani vumbi la kaure lilihofiwa kudhuru afya yao. Tahadhari hiyo ilikuwa ya haki. Je, nani aliuliza habari za vumbi kule Jingdezhen?