Ufunguo wa Kiwanja

Barafu tunayoijua sisi watu wa Ngungu, mashariki mwa Kongo, ni ile inayotoka juu. Mvua ya mawe ikishuka, inapiga mabati mpaka ndani ya nyumba hamsikilizani, inachana majani ya maharage, na kwa kitambo kidogo malisho yote yanageuka meupe. Watoto wanatoka na bakuli kuokota. Jua likichomoza, kabla mama hajamaliza kufagia mlangoni, hakuna tena kitu.

Kwa hiyo nilipowaambia vijana wa timu ninayoifundisha sasa kwamba Nairobi kuna watu wanaocheza hoki juu ya barafu, na kwamba timu yao inaitwa Simba wa Barafu, walidhani nawatania. Sikuwa nawatania. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaeleza kosa langu mwenyewe, na kosa la mwenzako mara nyingine ndilo linalokufungulia mdomo kusema lako.

Kosa langu ni hili. Zamani kidogo, mimi na wenzangu tulipoanzisha timu ya mpira wa miguu, tulipewa pa kuchezea katika shamba la ng'ombe la tajiri mmoja ambaye hakuwa akiishi hapa. Alikuja siku moja, akatukuta tunakimbizana na mpira wa majani ya migomba kwenye mteremko, akacheka, akasema, "Chezeni tu, wanangu." Maneno hayo matatu ndiyo yalikuwa hati yetu. Tulisawazisha mteremko kwa majembe, kiangazi cha kwanza na cha pili. Miti ya goli ilikuwa mikaratusi. Tuliisafirisha kwa chukudu, lile gari la mbao la kusukuma, watu wanne wakiizuia isiporomoke. Kila tuliposhinda, kapteni alichonga alama moja ya panga kwenye mti wa goli la upande wa barabara. Na watu walipokimbia vita kisha wakarudi, vijana walipita kwanza kiwanjani kuhesabu alama, ndipo wakaenda kuona kama nyumba zao zimesimama. Hivyo ndivyo timu inavyokuwa na mila. Hakuna aliyekaa akaitunga.

Tajiri akauza shamba. Jumapili moja tulifika tukakuta waya wa miiba, geti lenye kufuli, na ng'ombe wanakula pale katikati tulipokuwa tukianzishia mpira. Mwenye shamba mpya hakutudhulumu; yeye alinunua malisho, wala hakuna aliyemwambia kuwa alinunua na timu. Nilipita kando ya uzio nikiangalia nguzo moja moja. Ya saba ilikuwa na alama za panga, kumi na nne, zimegeuziwa chini.

Timu ilikufa mwaka huohuo. Si kwamba tulikosa mahali pa kupiga mpira, maana mahali pa kupiga mpira hapakosekani. Ila kila mmoja alijiuliza kwa nini asawazishe mteremko mwingine.

Sasa nirudi Nairobi. Kwenye Barabara ya Mombasa kuna hoteli iitwayo Panari, na mwaka 2005 hoteli hiyo ilifungua ndani yake uwanja wa barafu, wa kwanza Afrika Mashariki. Uwanja wenyewe ni mdogo. Hoki ya kimataifa inataka urefu wa mita 60, na huo uko mbali na kufika hapo. Wazungu wa Canada na Marekani waliokuwa wakiishi mjini walianza kuchezea hapo. Vijana wa Nairobi waliokuwa wakiteleza barabarani kwa viatu vya magurudumu wakaja kuangalia, wakabadili magurudumu kwa visu vya chuma, na kufikia mwaka 2016 Simba wa Barafu walikuwa wamezaliwa. Si watu wa kulipwa mshahara kwa mchezo. Walijigawa wenyewe kwa wenyewe wakacheza, kwa sababu nchi nzima haikuwa na timu ya pili. Mwaka 2018 kampuni moja ya kahawa iliwapeleka Canada, wakapewa vifaa kamili, wakavaa jezi moja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, watu ambao kule wanajulikana kama Samatta anavyojulikana kwetu. Kapteni wao, Benjamin Azegere, alirudi nyumbani na habari ya kuwasimulia watoto waliokuwa wakijifunza.

Kisha ikaja korona. Machi 2020 hoteli zilifunga milango, na barafu ya Panari ikazimwa pamoja na taa. Hilo neno, kuzimwa, naomba mlishike. Kiwanja chetu cha majani kikifungwa, majani yanaota. Kiwanja cha barafu ni mashine inayokula umeme usiku na mchana. Mwenye mashine akiamua kuwa haimlipi, kiwanja kinakuwa maji. Timu iliyokwisha kuvuka bahari ikakaa muda mrefu bila mahali pa kusimama, na hakuna wa kulaumiwa. Hoteli ilikuwa na haki ya kufunga. Baadaye mlango ulifunguliwa, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la dunia la hoki ya barafu, jambo ninalofurahia kwa moyo wote. Lakini ufunguo ulibaki kuwa wa hoteli.

Mtu ataniambia haya ni mambo ya timu za mifuko mitupu. Basi asikilize ya matajiri.

Kule Canada, mji wa Winnipeg ulikuwa na timu ya hoki ya kulipwa iitwayo Jets, iliyoanza kucheza mwaka 1972. Mwaka 1987 Jets walikutana katika mtoano na timu ya Calgary, ambayo mashabiki wake walivaa nyekundu. Watu wa Winnipeg wakajibu kwa kuvaa nyeupe, uwanja mzima, wazee kwa watoto. Ikawa mila ya kila msimu wa mtoano. Lakini uwanja ulikuwa wa kizamani na gharama zilipanda. Watu walichanga, hata watoto walivunja vibubu vyao wakaleta sarafu. Haikutosha. Timu iliuzwa, na mwaka 1996 ikahamishiwa Phoenix, katika jangwa la Arizona, ikapewa jina la Coyotes. Mila ya nguo nyeupe nayo ikabebwa kama godoro la mhamaji.

Jangwani waliishi miaka 28, na karibu yote walikuwa wapangaji. Tangu mwaka 2003 walichezea katika mji jirani wa Glendale, kwenye uwanja wa watu wapatao 17,000 uliokuwa mali ya mji. Mwaka 2009 timu ilitangazwa kufilisika. Mwaka 2021 mji ukatangaza kwamba mkataba ukiisha hautaongezwa. Timu ya ligi kubwa kuliko zote za hoki duniani ikahamia uwanja wa chuo kikuu, wa watu wasiofika 5,000. Wakaomba kujenga uwanja wao katika mji wa Tempe. Mei 2023 wananchi wakapiga kura, wakakataa. Tarehe 17 Aprili 2024 walicheza mchezo wa mwisho, wakawafunga Edmonton 5 kwa 2. Walishinda! Wachezaji wote wakapelekwa Salt Lake City kuvaa jezi nyingine. Mabao matano hayakuwa na uwezo wa kufungua mlango ambao mkataba ulikuwa umeufunga.

Na Winnipeg? Mwaka 2011 walipata timu tena, wakairudishia jina la Jets, na nguo nyeupe zikatoka masandukuni. Safari hii walioileta ni kampuni iliyokuwa inamiliki uwanja wenyewe.

Niliposimulia hapo, kijana mmoja anayecheza beki aliuliza swali nililolingoja: "Mwalimu, na hapa tunapochezea sasa, ni pa nani?"

Nikamjibu nilivyoelezwa mimi nilipokwisha kuchelewa. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema udongo wa Kongo ni wa serikali. Mwenye shamba ana hati tu ya kulitumia, na wazee wana desturi yao ambayo sheria iliiacha ikining'inia. Kwa hiyo anayekuambia "chezeni tu" anaweza kuwa anasema kwa moyo mweupe, na bado hajakupa kitu. Ukarimu wake unakufa naye, au unauzwa pamoja na ng'ombe.

Wiki iliyofuata hatukufanya mazoezi. Tulikwenda kwa mwenye eneo, tukiwa na mzee wa kijiji na majirani wa pande zote nne. Tulipima kwa kamba, hatua 90 kwa 55, tukachimbia mawe pembeni. Karatasi iliandikwa: nani anatoa, kwa miaka mingapi, akiuza mnunuzi anafungwa na nini. Mwenye eneo alicheka kwanza, akatuuliza kama hatumwamini. Mzee akamjibu kwamba tunamwamini sana, ndiyo maana tunataka mjukuu wake naye ajue alikuwa mtu mwema. Akatia kidole kwenye wino.

Tuliandika nakala tatu. Moja anayo mzee. Moja ilipelekwa Goma kwa ndugu wa kapteni. Ya tatu aliiomba mama mmoja anayeuza maharage sokoni, ambaye wanawe wawili wako kwenye timu. Aliifunga kwenye nailoni, akaishonea ndani ya pindo la kitenge anachojifunika usiku. Hicho, alisema, ndicho huwa mwilini mwake watu wakianza kukimbia.